Kabla ya kuzika noti kwenye matatu, mlipeni kondakta mshahara

Kwa Mhariri,

Kila wazo la kuondoa pesa taslimu kwenye matatu linapofufuliwa, mjadala huanzia kwenye simu na kuishia kwenye simu: mtandao upi, kadi ya nani, ada ataimeza nani. Simu haijawahi kuwa kikwazo. Mama mboga hupokea malipo ya sukuma wiki ya shilingi 20 kwa simu. Fundi wa viatu ana nambari ya Till, ile ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu, aliyoichora kwa rangi juu ya kibanda, na hata sadaka siku hizi inaingia kwa Paybill. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007, noti imekuwa ikijiondokea yenyewe polepole, bila amri ya mtu. Ndani ya matatu imekwama, na sababu yake haihusiani na teknolojia. Ni mahali ambapo pesa hukusanywa siku nzima na mtu asiye na mshahara.

Tuzifuate hizo pesa. Chukua gari la abiria 33 linalotoza shilingi 80 kwa raundi. Likijaa, ni 2,640. Kabla hazijamfikia mwenye gari, kondakta hutoa ya mafuta, mara nyingi ya raundi moja au mbili tu, kwa kuwa tangi la matatu halijazwi asubuhi likasahaulika. Hutoa ya wapiga debe stegini, ya Sacco (ushirika wa wenye magari), ya chakula cha mchana cha watu wawili, ya kuosha gari usiku, na ile ambayo kila mtu anaijua na hakuna anayeiandikia risiti, inayopita dirishani kwenye kizuizi cha polisi ikiwa imekunjwa ndogo kama kidonge. Dereva na kondakta wakichoka saa nane, humwachia skwodi, yule mhudumu wa kushikilia kwa muda, raundi mbili, naye hukata chake papo hapo. Jioni mwenye gari hupewa hesabu, yaani kiasi walichopatana. Kinachobaki juu ya hesabu ndicho riziki ya dereva na kondakta.

Daftari la biashara hiyo yote ni mkono wa kushoto wa kondakta. Utazame siku moja. Noti za elfu na mia tano hazionekani, ziko mfukoni au soksini. Za mia mbili, mia na hamsini zimekunjwa kwa urefu na kubanwa katikati ya vidole, kila kidole na noti yake, ili chenji itoke bila kutazama. Sarafu ziko kiganjani na hugongwa pamoja kukuamsha ulipe. Kwa mfumo huo mtu mmoja humaliza kukusanya nauli ya abiria 33 kati ya stegi mbili, akiwa ananing'inia mlangoni. Chenji ikimwishia, hampi mtu deni, huwapa abiria wawili wasiojuana noti moja ya mia na kuwaambia, "Mgawane huko mbele."

Sasa weka nambari ya Till ya mwenye gari ubavuni mwa mlango. Kufikia saa nne asubuhi mafuta yamekwisha, na kondakta hana shilingi mkononi. Ampigie mwenye gari, aliye kazini kwake au bado amelala, atume ya mafuta. Wapiga debe hawapokei ahadi, kwa hiyo gari halipati foleni. Skwodi hataki kusikia habari za kesho. Na jioni, ile ya juu ya hesabu, iliyokuwa riziki ya wawili, imeshaingia kwenye simu ya bosi, naye ataamua ni ngapi airudishe. Hakuna mtu mwenye akili atakayeshirikiana na mpango wa kumnyang'anya chakula. Ndiyo maana abiria huambiwa, "Till iko chini, tuma kwa hii namba." Hiyo namba ni ya kondakta, ya dereva, au ya mke wa dereva.

Na ndivyo ilivyokwenda tangu janga la corona. Abiria wengi kweli waliacha noti, lakini malipo yao yakaishia kwenye simu za wahudumu. Noti zimepungua mkononi, siri imebaki palepale. Mwenye gari haoni zaidi ya alivyokuwa akiona, mtoza ushuru pia haoni, na kidonge cha kwenye kizuizi bado kinapatikana, kwani kati ya hapo na kizuizi kuna wakala wa kutolea pesa kila mita hamsini.

Tumeshapita njia hii. Kanuni za uendeshaji wa magari ya uchukuzi wa umma za mwaka 2014 zilitaka kila mwenye leseni awe na mfumo wa nauli isiyo ya pesa taslimu, na tarehe iliyowekwa ilikuwa 1 Julai 2014. Kadi zikatoka kwa wingi: BebaPay ya Google na benki ya Equity ilikuwa imetangulia mwaka 2013, ikafuatwa na My 1963, Abiria na nyinginezo. Kadi ya gari hili haikusomeka kwenye gari lile. Abiria wa magari mawili kwa siku alihitaji kadi mbili, kila moja na salio lake lililolala. Tarehe ikasogezwa, ikasogezwa tena, na BebaPay ikafungwa mwaka 2015. Kitu kinachosahaulika ni kwamba kanuni zizo hizo zilitaka pia wahudumu waajiriwe kwa mikataba. Serikali ilikimbiza nusu ya kwanza ya sheria na kuiacha ya pili ikipigwa vumbi, ilhali ya kwanza haiwezi kusimama bila ya pili.

Kwa sadfa, siku tano baada ya tarehe yetu, yaani 6 Julai 2014, mabasi ya London yaliacha kupokea pesa taslimu, na yakaacha kweli. Tofauti si kwamba Waingereza wana simu nzuri. Kadi yao ya Oyster ilikuwa imetumika tangu 2003, ni moja kwa mabasi yote na treni za chini ya ardhi, na dereva wa basi la London analipwa mshahara na kampuni yenye mkataba wa njia ile. Abiria wawe watatu au sabini, mfuko wake hautikisiki. Kigali nao waliweza. Kadi ya Tap&Go imesambaa kwenye mabasi ya mji ule tangu 2015 au karibu na hapo, lakini kabla ya kadi, njia zilikuwa zimegawiwa makampuni kwa mikataba, na nauli hupangwa na mamlaka ya udhibiti. Mvua inyeshe isinyeshe, mashine inajua ikate ngapi.

Hapo pia tunakwama. Nauli ya matatu haipangwi na serikali. Hupangwa na wingu. Matone yakianza saa kumi na moja jioni, 80 inakuwa 150 kabla hujafungua mwavuli. Mashine iliyowekewa nauli moja asubuhi haijui kupandisha, na kondakta aliyelazimishwa kuitumia huizima tu saa hiyo na kurudi kwenye mkono wake wa kushoto.

Mtu anaweza kusema basi tatizo ni nauli isiyodhibitiwa. Aangalie Dar es Salaam. Huko nauli ya daladala hupangwa na mamlaka, LATRA, lakini daladala bado ni noti na sarafu, kwa kuwa konda na dereva wana hesabu ya bosi kama hapa kwetu, na skwodi wao huitwa deiwaka. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza 2016 katika mji huohuo, yana wafanyakazi wa mshahara na tiketi hukatwa kituoni kabla ya kupanda, kwa hiyo kuhamia kwenye kadi hakukumgusa dereva. Kivuko cha Kigamboni hupokea N-Card kwa nauli ya miguu ya shilingi 200 za kule. Abiria ni walewale na simu ni zilezile. Anayetoka kwenye kivuko akipanda daladala anaingiza mkono mfukoni kutafuta sarafu.

Hata hapa nchini ushahidi upo. Magari madogo ya masafa, ya kutoka Nairobi kwenda Nakuru, Nyeri au kwingineko, yalihamia kwenye simu bila kelele. Abiria hulipa ofisini mwa Sacco, hupewa tiketi yenye nambari ya kiti, na dereva huondoka akiwa anajua atalipwa nini kwa safari hiyo. Kondakta hayumo. Mara nyingine Sacco yenye magari ya masafa ndiyo hiyohiyo yenye magari ya mjini, na upande mmoja ni simu, upande wa pili ni noti.

Sasa tuje kwenye ada, kwani hapa abiria wengi wanalipa bila kujua. Kumtumia mtu pesa kwa M-Pesa hakutozwi kitu mpaka shilingi 100. Kuanzia 101 hadi 500 ada ni 7, na kuanzia 501 hadi 1,000 ni 13. Nauli ya 120 ikitumwa mara moja kwenye namba ya kondakta ni 127. Ikitumwa mara mbili, 100 kisha 20, ni 120 kamili, na wanafunzi wa vyuo wameshaijua hesabu hii zamani. Atakayeumia ni kondakta, kwa kuwa ili atoe noti za hesabu lazima aende kwa wakala: kutoa kati ya 3,501 na 5,000 ni shilingi 69, kati ya 7,501 na 10,000 ni 115. Ada hizi zina ushuru wa bidhaa wa 15% ndani yake tangu Julai 2023. Kondakta anayetoa mara tatu kwa siku, kidogo kidogo, kwa kuwa mafuta hayangoji, hulipa zaidi ya anayetoa mara moja jioni.

Till haina shida hiyo. Abiria anayelipia bidhaa au huduma kwa Till hakatwi kitu, na mwenye Till naye hakatwi kwa malipo yasiyozidi 200. Juu ya hapo hukatwa 0.55%. Nauli nyingi za mjini ziko chini ya 200, kwa hiyo njia ya bei nafuu kuliko zote tayari ipo, na ndiyo inayokimbiwa zaidi na wahudumu. Pochi la Biashara imekaa katikati: abiria hukatwa kama anayemtumia mtu wa kawaida, lakini pesa huingia kwenye mfuko uliotengwa na M-Pesa ya mwenye simu. Huo utengano una maana kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kondakta mwenye deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa wa kujazia salio, akipokea nauli kwenye namba yake ya kawaida, deni hukatwa mara moja kabla hajaiona hiyo nauli. Wako waliopokea raundi nzima, wakafika kwenye pampu ya mafuta na kukuta salio sifuri.

Kuna kasoro nyingine ambazo wauzaji wa mifumo hawazitaji wakiwa na makabrasha yao mezani. Ya kwanza ni macho. Simu za abiria 33 zinaweza kutuma kwa wakati mmoja, lakini macho ya kondakta ni mawili na kioo chake ni kimoja. Ujumbe humwagika mfululizo, kila mmoja na jina la aliyesajili laini, si la aliyekaa kwenye kiti. Laini ya kijana imesajiliwa kwa kitambulisho cha mama yake, basi kondakta anamtafuta Jane miongoni mwa wanaume wenye ndevu. Dawa yake ni rahisi: usimuulize mtu jina, mwulize kiasi na herufi tatu za mwisho za msimbo wa muamala, uzilinganishe na ulichopokea. Hazigongani mara nyingi, na aliyetuma anazo mbele ya macho.

Msimbo wenyewe una siri yake. Una herufi na tarakimu kumi. Ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi kuanzia A kwa Januari hadi L kwa Desemba, ya tatu ni siku: 1 hadi 9, kisha A ni tarehe 10, B ni 11, hivyo hivyo mpaka V ambayo ni 31. Muamala wa tarehe 5 Juni 2025 ulianza na TF5. Anayekuonyesha picha ya ujumbe wa juzi akidai amelipa leo, herufi tatu za mwanzo zinamuumbua kabla hujabishana naye. Na ujumbe wa kughushi, ulioandikwa vizuri kabisa lakini umetoka kwenye namba ya kawaida badala ya MPESA, hutambulika kwa kitu kimoja tu ambacho tapeli hawezi kukigusa, yaani salio lako. Ujumbe usiuamini. Tazama salio.

Ya pili ni urejeshaji. Aliyekosea namba hupeleka ujumbe wa muamala kwenda 456, na kama pesa bado zipo kwa aliyepokea, huzuiwa. Huduma hiyo ni nzuri, imewaokoa wengi. Lakini abiria wa masafa, kwenye gari lenye kondakta, aliyelipa elfu moja kwenye namba ya kondakta anaweza kushuka, akatembea hatua kumi na kuziomba zirudi. Kwenye Till na Pochi mlipaji hawezi kujirudishia peke yake. Mwenye biashara lazima akubali. Kwa nauli kubwa, kondakta anayeng'ang'ania namba yake mwenyewe ndiye anayejianika.

Ya tatu ni PIN. Ndani ya gari mtu hukaa bega kwa bega na jirani, na mwanga wa kioo usiku ni kama tochi. Wazee ndio hutia huruma: humpa kondakta simu nzima amlipie, na PIN humtajia kwa sauti, gari zima likisikia. Anayemjali mzazi wake na ampe noti za hamsini za kutosha na amwambie simu ibaki kwenye mfuko wa ndani.

Tukitoka kwenye matatu, safari ndefu zimekwenda mbali zaidi, na huko somo ni jingine. Treni ya Madaraka Express, inayosafiri tangu 2017, hukatiwa tiketi kwa *639# au kwenye mtandao. Unachagua tarehe na daraja, unalipa kwa simu, 1,500 kwa daraja la kawaida au 4,500 kwa la kwanza kufuatana na nauli za mwaka 2024, kisha unachapisha tiketi kituoni kwa nambari ya kitambulisho ileile uliyotumia. Anayekosea tarakimu moja ya kitambulisho huligundua kosa mlangoni, treni ikipiga honi. Malipo ya serikali, pamoja na viingilio vya mbuga zilizo chini ya KWS, shirika la wanyamapori, yamekusanywa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kupitishwa Paybill 222222 tangu mwaka 2023.

Kukusanya kila kitu mlango mmoja kuna bei yake. Julai 2023 eCitizen ilishambuliwa mtandaoni, na kwa pigo moja watu wakakwama kwenye viza, kwenye tiketi za treni na kwenye tokeni za umeme. Wageni ilibidi wapewe viza walipotua. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikazorota Afrika Mashariki nzima. Siku kama hizo, mwenye elfu mbili kwenye soksi ndiye tajiri wa stendi. Msafiri wa leo asitembee na bunda, lakini asikose nauli ya kumfikisha nyumbani na ya kulala usiku mmoja, ziwe za mia na hamsini badala ya noti moja ya elfu, kwa kuwa siku mtandao ukilala, chenji ndiyo hupotea ya kwanza. Laini ya pili ya mtandao tofauti, yenye salio lake, nayo haina uzito mkobani. Na anayeshuka Miritini, kituo cha Mombasa, kwenye treni aliyoilipia kwa simu mwanzo hadi mwisho, afahamu kwamba hatua kumi nje ya geti matatu ya kumpeleka mjini inamngoja na mkono wa kushoto uleule.

Mhariri, wapo pia watu ambao noti ndiyo pesa yao ya pekee, na hutajwa mara moja tu mwishoni mwa hotuba. Mtoto wa darasa la nne anayepanda gari kwenda shule hana laini, hana kitambulisho, ana sarafu ya 20 aliyopewa na mama asubuhi, ameishika ngumini mpaka imepata jasho. Mfumo wowote utakaosema "simu tu" umemshusha huyo njiani. Isemwe wazi kwenye kanuni kwamba noti na sarafu halali hazikataliwi kwenye gari la umma, hata kama njia kuu ni simu.

Hofu ya mwenye gari nayo nisiikanyage, maana si ya bure. Akiwalipa wahudumu mshahara wa siku huku nauli zikiendelea kuingia kwa noti, atalipa mshahara na bado ataibiwa. Na akilipa mshahara mtupu, dereva hana haja ya kukimbizana na abiria. Atakaa stegini asome gazeti lako. Kwa hiyo mambo haya mawili yaingie siku moja, na mshahara uambatane na fungu dogo kwa kila raundi au kwa kila elfu iliyoingia, linalohesabiwa kutoka kwenye rekodi ya Till ambayo pande zote mbili zinaiona. Dereva aone kwenye simu yake kila nauli inapoingia, kama bosi anavyoiona. Siri ikiwa ya upande mmoja, namba ya mke wa dereva itarudi kabla wiki haijaisha.

Kiutendaji, Till isajiliwe kwa nambari ya gari, isiwe kwa jina la mtu, ili gari likiuzwa au kondakta akibadilishwa kibandiko cha mlangoni kisibadilike. Kutoka kwenye akaunti hiyo, kondakta aruhusiwe kulipa vituo vya mafuta na Sacco peke yake, kwa kikomo cha siku. Mafuta yakilipwa na gari lenyewe, sababu kubwa ya kushika noti asubuhi imeondoka. Wapiga debe waandikishwe na Sacco na walipwe na Sacco, au waondoke. Hakuna mfumo utakaoweza kumlipa mtu asiyejulikana kwa jina. Pale inapowezekana, nauli ilipwe foleni kabla ya kupanda, kama kwenye magari ya masafa, maana dakika za foleni tayari zinapotea bure. Na nauli ya saa za msongamano iandikwe ubaoni asubuhi, ipande kwa saa na si kwa mawingu.

Kuhusu ada, kampuni za simu na Benki Kuu wanajua kwamba inawezekana. Kuanzia Machi 2020 mpaka mwisho wa mwaka ule kutuma hadi shilingi 1,000 kulikuwa bure, na mbingu hazikuanguka. Ikitengwa daraja ya nauli hadi shilingi 500 isiyotozwa chochote upande wowote, magari ya kutoka Thika, Kitengela au Mtwapa, ambayo nauli yake huvuka 200 siku mbaya, hayatakuwa na kisingizio.

NTSA, mamlaka ya uchukuzi na usalama barabarani, haihitaji kutangaza tarehe nyingine ya nchi nzima. Ichukue njia moja ya mji, Sacco moja iliyokubali, wahudumu wenye mikataba iliyosainiwa, miezi sita. Kila mwezi ichapishe kwenye ukurasa huu huu ni nauli ngapi ziliingia kwa Till, ngapi kwa noti, mafuta yalilipwaje, na dereva alipeleka ngapi nyumbani ikilinganishwa na alipokuwa akiishi juu ya hesabu. Hiyo namba ya mwisho ndiyo madereva wa njia nyingine watakayoiangalia kwanza.

Wako,
Msomaji na mfuatiliaji wa masuala ya uchukuzi,
Nairobi